Uzito wa Mkono wa Fundi

"Baba, mdomo wako umehama," aliniambia mama aliyeketi pembeni yangu ndani ya basi, na kwa kuwa tulikuwa tumesafiri tangu alfajiri bila kusemezana, nilidhani ananichokoza. Kumbe maji niliyokuwa nakunywa yalikuwa yananitiririka kifuani. Nilipojaribu kumjibu, maneno yalitokea upande mmoja wa mdomo kama ya mlevi. Kondakta alikuja, akanichungulia usoni, akampigia kelele dereva: "Huyu tumshushe! Akitufia humu tutalala njiani."

Ndivyo nilivyoingia katika mji ambao haukuwemo kwenye safari yangu. Basi lilisimama mbele ya lango la hospitali, begi langu likatupwa chini, na mama yule akanipungia mkono dirishani kwa huruma iliyonitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Pale mapokezi wakaniweka kwenye kiti cha magurudumu na kunisukuma hadi wodi ya mishipa ya fahamu, nyuma kabisa, ukishapita jiko na chumba cha kufulia.

Nimelazwa katika nchi kadhaa, daftari langu la kuandikia likiwa chini ya mto, na najua kusema "inauma hapa" kwa lugha nyingi kuliko ninazoweza kuombea chakula. Wodi hii ilikuwa na vitanda vingi na watu wachache wa kuvitazama. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka nyuma ya kila kitanda, pale vichwa vya wagonjwa vilipoegemea miaka nenda rudi. Kitu kizuri pekee kilikuwa madirisha: nondo zake zilikuwa zimepindwa zikawa mashina na majani, kazi ya mtu asiyekuwa na haraka.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya mpira vilivyolia kila akikanyaga. Alinishika kidevu, akaniambia nifumbe macho. Moja likafumba, la pili likabaki linamkodolea.

"Hilo limekugomea," alisema. "Usiogope. Ngoja nikuletee bosi."

Alirudi anasukuma nguzo ya chuma yenye magurudumu, juu yake kioo kikubwa kama cha televisheni. Ndani ya kioo alikuwamo mwanamume mwenye miwani, anatafuna.

"Samahani," alisema yule wa ndani, akameza. "Huku ni saa ya chakula. Pole, ndugu yangu. Limekuanza lini?"

"Mwambie na sisi hatujala!" alidakia mzee wa kitanda cha mlangoni, ambaye mikono yake ilitetemeka mchana kutwa kama anapepeta kitu.

Daktari alinikagua kwa njia iliyonichekesha, nusu ya uso wangu ikicheka na nusu ikinuna. Yeye alisema, nesi akatenda. "Mkune nyayo." Nikakunwa. "Mmulike jicho." Nikamulikwa. Mwishowe akasema si kiharusi, ni mshipa wa uso tu umevimba, utarudi taratibu. Lakini presha yangu ilikuwa juu mno, sitoki mpaka ishuke. Kisha kioo kikazimika, naye akaenda kutokea kwenye kioo kingine, hospitali nyingine.

Wagonjwa walikiita kile chombo Kioo, na nesi walimwita Mama Mikono, maana ndiyo iliyokuwa imebaki kwake.

"Zamani Daktari alikuwa hapa hapa, mzima mzima na miguu yake," aliniambia siku moja, akinitia matone kwenye jicho lisilofumba. "Anakuja na nyundo yake ya mpira mfukoni, anakaa kitandani kwa mgonjwa, anagombana naye mpaka wanazoeana. Yeye ndiye aliyetufundisha kazi. Mtu akiinuliwa mkono ulioishiwa nguvu, usiuachie ukaanguka. Mwekee kiganja chini ya kiwiko. Alikuwa anasema mkono ukianguka pu! mgonjwa anajiona amekwisha, na mkewe yuko pale anatazama."

"Sasa atajuaje kama mkono hauna nguvu, na wewe umeushika?"

"Anakitazama kiganja changu. Mkono wenye nguvu unaelea, haunigusi. Usio na nguvu unanilalia. Anaona, anapiga mwenyewe hesabu zake. Wala hatusemezani."

Nilimwambia zama zile zinaonekana zilikuwa nzuri. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Nzuri wapi? Mwenye kiharusi tulikuwa tunamgeuza ubavu, tunamnywesha uji, tunangoja. Picha ya kichwa ilipigwa mji mwingine. Wengine walifia barabarani. Leo mashine ya picha tunayo, ipo pale ng'ambo ya bustani. Sindano ya kuyeyusha donge la damu tunayo. Mwalimu mmoja aliletwa hapa hawezi kutamka hata jina lake. Jua halijazama alikuwa ananikosoa ninavyoongea. Kioo kile nimekiona kikimtoa mtu kaburini, usinifanye nikisengenye."

Ila daktari alipopata kazi nje na kurudi kwa njia ya kioo, wakuu wa hospitali walipiga hesabu kwamba kioo kinahitaji mikono ya mtu mmoja, labda na wa kumpokea. Manesi wenzake wakahamishiwa kwingine. Waliobaki wakapewa mafunzo: fanya unachoambiwa, jibu unachoulizwa, usiongeze maoni yako, kwa sababu maoni ya watu wa mbali yalikuwa yanawachanganya madaktari. Mama Mikono alifupisha mafunzo yote yale kwa maneno mawili, akawa anayasema huku anacheka: "Mikono haisemi." Na betri ya Kioo ilipokufa, siku chache baada ya mimi kulazwa, hakuna aliyenunua nyingine. Kikawa kinasimama pale waya ulipofika, karibu na soketi ya ukutani, na vitanda ndivyo vilivyosogezwa kukifuata.

Asubuhi moja mlango ulisukumwa, akaingia mwanamume mkubwa mwenye ovaroli iliyojaa vitundu vya cheche, ameegemea bega la jirani yake wa karakana.

"Mke wangu," alisema, ulimi umemlegea kidogo, "nimekuletea mteja."

Mama Mikono alikuwa anakunja shuka. "Mteja gani?"

"Mimi."

Huyo ndiye Fundi, mumewe, mchomelea vyuma. Majani na mashina ya madirishani yalikuwa kazi yake. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Alipouona wa kwangu akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto: "Na huyu naye ameniiga!"

"Lini?" mkewe aliuliza. Alikuwa ameshaacha shuka. "Limeanza lini?"

"Hakuna kilichoanza. Nimejilaza kidogo kwenye benchi, nikaulalia mkono, nikaamka umekufa ganzi. Hawa waoga ndio walionivuta."

Hakumsikiliza. Alimpeleka mbio kwenye picha, akamrudisha, akasogeza kitanda karibu na ukuta, mkono wa kulia ukiwa upande wa Kioo. Mimi nilikuwa kitanda cha ng'ambo, nawatazama kwa mbele.

"Shemeji!" Daktari alisema kioo kilipowaka. "Ndiyo tuonane hivi?"

"Umenenepa, Daktari. Huko wanakulisha nini?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Dada, mwenzako yuko wapi? Ndugu hamshiki ndugu, sheria unaijua."

"Ameenda na mgonjwa wa kifafa kwenye picha."

"Na mwingine?"

"Mwingine ulimwona hapa lini?"

"Haya, muda unakwenda. Picha yake haina damu iliyovuja, hilo ni jema. Nionyeshe nguvu. Mwinue mkono wa kulia, umwachie. Shemeji, uushikilie hapo hapo mpaka niseme basi."

Alisimama pale alipozoea kusimama tangu enzi Kioo kilipowekwa ng'ambo ya kitanda, kati ya ukuta na kitanda, mgongo ukiwa kwenye Kioo. Akauinua mkono wa mumewe. Akafungua vidole vya juu, akauachia, na kiganja chake kingine kikabaki chini ya kiwiko. Niliviona vyote. Kwa mimi nisiyejua kitu, ulikuwa ni upendo wa mke na mume.

"Unashuka?" aliuliza Daktari.

"Haushuki, Daktari."

Akahesabu kwa sauti mpaka akaridhika. Wakapima mguu, ulikuwa na nguvu. Akamwambia Fundi ataje vitu alivyomwonyesha kwenye kioo. Akavitaja, kwa kuburuta ulimi, na kimoja akakitania.

"Tumchome?" aliuliza mkewe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ungekuwa mkono umelala, ningesema choma sasa hivi. Lakini mtu aliyeguswa mdomo na ulimi tu, nikimchoma akavuja damu kichwani, nitakuambia nini? Unakumbuka yule mama wa mwaka jana. Tumwangalie kwanza. Akibadilika, niite."

"Umesikia?" Fundi alimwambia mkewe. "Nimepona. Nipe chai."

Alipewa chai, akanywa kwa mkono wa kushoto, akalala. Mama Mikono aliendelea na wodi nzima peke yake, kila akipita anamgusa paji la uso. Alasiri alimwamsha ale. Fundi alifumbua macho, akamtazama, akafungua mdomo kama anayetaka kutania. Halikutoka neno. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda. Alijaribu tena, shingo imemkakamaa, na safari hii kikatoka kitu.

"Sawa," alisema.

Daktari alikuwa na mgonjwa kwenye kioo cha hospitali nyingine. Mduara mdogo wa kusubiri ulizunguka, ukazunguka, na Mama Mikono alisimama mbele yake ameshika nguzo kwa mikono miwili kama anataka kuikaba. Alipotokea, Daktari aliangalia saa yake kabla hajasema lolote. Muda wa ile sindano huhesabiwa tangu mtu alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, na Fundi mara hiyo ya mwisho alikuwa anajilaza kwenye benchi la karakana.

"Umepita," alisema.

Alirudisha macho kwa Mama Mikono.

"Dada. Asubuhi, ule mkono. Uliuachia?"

"Niliushika chini ya kiwiko. Kama siku zote."

"Siku zote nilikuwa nakiona kiganja chako."

"Na leo?"

"Leo niliuona mgongo wako."

Mzee wa mlangoni, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alijifunika shuka mpaka kichwani.

Kesho yake Mama Mikono alikuja kunitia matone kama kawaida, akamaliza, lakini hakuondoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Ulikuwa mzito," alisema. "Usije ukadhani sikuusikia. Ulinilalia wote kiganjani."

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Kwa sababu mkono wa mume wangu ni mzito siku zote. Mtu wa kupinda nondo yule. Nimelala chini ya mkono ule tangu nilipoolewa. Nilipokuwa na mtoto mchanga, kabla sijaamka kumnyonyesha, ilikuwa kwanza niuhamishe ule mkono kama gogo. Kiganja changu kinaujua. Kikasema, huyu ni baba watoto, ndivyo alivyo. Ungekuwa wa kwako, ukanilalia vile, ningepiga kelele."

"Huenda hata sindano isingemsaidia," nilisema. Ni maneno ambayo watu huyasema.

"Huenda. Wengine haiwasaidii. Wengine inawaua. Na hilo nalo sitalijua." Akasimama, akapangusa sare yake mahali palipokuwa safi. "Na nikiwa mkweli kabisa, yule mama wa mwaka jana nilimfumba macho mimi. Sindano ile naiogopa. Sasa sijui aliyenyamaza pale alikuwa mke, au nesi, au mwoga. Unisaidie, wewe unayeandika andika."

Alichukua chupa ya matone, akaenda kitanda kinachofuata.

Tangu hapo alifanya kazi kwa kufuata mafunzo yale neno kwa neno. Daktari akisema inua, anainua. Akiuliza unashuka, anajibu unashuka au haushuki. Akimwambia, "Dada, usiku umelala kweli?" hajibu, kwa kuwa hilo halikuwa swali kuhusu mgonjwa. Baada ya zamu alibaki wodini kumlisha mumewe na kumgeuza ubavu, yaani zile kazi za zamani ambazo hazikuhitaji kioo. Fundi alikuwa anajua kila kitu, ungemwona machoni. Lakini katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, ugonjwa ulimwachia moja tu. Ana njaa, sawa. Hataki uji, sawa. Siku moja alilia kwa hasira, akipiga godoro kwa mkono mzima, "Sawa! Sawa! Sawa!" na mkewe akamtajia kila kitu duniani, dirisha, chungu, watoto, karakana, mpaka wote wawili wakachoka.

Kisha mkurugenzi alikuja, mwenyewe, na suti yake. Alivuta kiti akakaa karibu na Fundi kwa adabu kubwa.

"Hapa hakuna anayetafuta mchawi, mama," alimwambia Mama Mikono. "Hilo nataka lieleweke. Kazi yako ipo. Ila kama unavyojua, Kioo kinarekodi. Tumeitazama rekodi ya asubuhi ile na wataalamu. Ni somo zuri sana. Tungependa wasaidizi wa hospitali nyingine waione, wajue pa kusimama, wajue kuuachia mkono. Nyuso tutazificha." Akamgeukia Fundi. "Mzee wangu, una kinyongo na sisi?"

"Sawa," alisema Fundi.

"Ahsante sana. Na rekodi, tunaweza kuitumia?"

"Sawa, sawa."

Mkurugenzi aliushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake miwili, amefarijika kweli, macho yamemlowa.

"Muulize kama yeye ni mwanamke," alisema Mama Mikono.

"Mama, tafadhali..."

"Muulize!"

Hakuuliza. Mama Mikono akamwinamia mumewe. "Fundi, wewe ni mwanamke?"

"Sawa."

"Nikuache hapa niolewe na huyu mkurugenzi?"

"Sawa."

Mzee wa mlangoni ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wodi nzima ikacheka, mimi na nusu uso wangu, na Fundi mwenyewe akacheka na nusu ya kwake, machozi yakimtoka. Mkurugenzi alisimama, hajui aweke wapi mikono. Mama Mikono peke yake hakucheka.

"Chukueni rekodi yenu," alisema. "Iko kwenu, mtaitumia hata nikikataa. Lakini msije mkamwambia mtu kwamba mlipewa na yeye."

Jioni hiyo alimwambia Daktari kwamba anaacha kazi, anampeleka mumewe nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliongea na Kioo bila kuulizwa.

"Dada, nakuomba," alisema Daktari. "Nitaongea na mkurugenzi. Kosa ni langu pia."

"Pia?"

Alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu mzima kuliko nilivyodhani. "Nilijua unasimama pale. Nilipaswa kukuambia usogee. Nilikuona ni wewe, nikaona hakuna haja."

"Ulitufundisha hapa, kaka yangu, halafu ukaondoka na macho ukatuachia mikono."

"Sasa nifanye nini?"

Kando ya mkono wake, ndani ya kioo, kulikuwa na sahani iliyofunikwa. "Kula," alisema Mama Mikono. "Chakula chako kinapoa." Akachomoa waya.

Aliyekuja kushika nafasi yake alikuwa binti mwenye kucha fupi na sauti ya upole, ambaye alikuwa amefundishwa kwa rekodi ile ile. Alisimama pembeni, hakumkinga mtu. Aliinua mkono wa mgonjwa, akauachia, na ukaanguka juu ya godoro, pu! Mgonjwa, dereva wa lori aliyeletwa asubuhi hiyo, aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mkewe aliziba mdomo. "Safi," alisema Daktari. "Mchome." Dereva yule siku ya pili alikuwa anashika kijiko. Mama Mikono alikuwa anafungasha vitu vya mumewe, naye alimwona akishika kile kijiko. Alisimama akamtazama mpaka chakula kikaisha.

Waliondoka mchana. Presha yangu ilikuwa bado inanikatalia, na jicho lilikuwa limeanza kufumba robo. Mama Mikono alikuwa amevaa gauni la kawaida na viatu visivyolia, na mlinzi alipotaka kumsaidia kusukuma kiti cha magurudumu alimwambia aende zake. Hakuniaga kwa maneno. Aliivuta kope yangu kwa kidole gumba, akatazama, akatikisa kichwa kwamba inaendelea vizuri. Kwa Kioo hakugeuka. Kilikuwa ukutani, kwenye kitanda cha mwisho, na Daktari alikuwa anamsikiliza binti akijibu, unashuka, haushuki.

Walikuwa wameshafika kwenye korido, mlango wa nje uko wazi mbele yao, mzee wa mlangoni alipoita. "Nesi! Nesi wee! Maji!" Mikono yake ilikuwa imekimwaga kikombe chote kifuani.

Kiti cha magurudumu kikasimama. Niliona mabega yake tu. Alikaa hivyo, amekamata vishikio, hasogei mbele wala harudi.

"Sawa," alisema Fundi.

Alikizunguka kiti, akachuchumaa mbele ya mumewe, akamtazama usoni kwa muda, akitafuta kama sawa ile ilikuwa ya kurudi au ya kuendelea. Akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Fundi akasema tena neno lile lile. Basi akasimama, akarudi nyuma ya kiti, akakisukuma kuelekea nje kwenye mwanga.

Mzee aliendelea kuita, "Nesi! Nesi!" na kila mmoja wetu alijua anamwita nani. Binti alichungulia kutoka nyuma ya Kioo, akamwambia kwa upole asubiri kidogo, Daktari ana mgonjwa.